Modemu za Simu kwa BBS: Kutoka Waya wa Ukutani Hadi Mpigaji wa Kwanza

Juu ya meza yangu hapa Kibokoni, Mombasa, kuna modemu tatu za nje, vile vifaa vinavyopitisha data ya kompyuta kama sauti kwenye laini ya simu, zote za mtumba, zote nilizinunua Mwembe Tayari kwa muuzaji aliyeniambia waziwazi kwamba zimekufa. Hakuna iliyokuwa imekufa. Ya kwanza ilikuwa imepewa adapta isiyo yake. Ya pili ilikuwa imehifadhi mpangilio wa mwenyewe wa zamani: inapokea amri, inazitekeleza, lakini imeamriwa isijibu neno, hata ukaidhania bubu. Ya tatu haikuwa na kasoro yoyote. Kebo yake ndiyo iliyokuwa na waya tatu pahala pa tisa. Leo zote zinapokea simu.

Nimeanza na hizo kwa sababu ndizo zilizonifundisha utaratibu nitakaoueleza. Anza ukutani, ufuate waya, programu iwe ya mwisho, na usivuke pingili moja kabla ya kuihakikisha. Wengi huanzia mwisho. Hufungua programu ya BBS, wakageuza mipangilio ishirini, na kumbe tatizo liko kwenye skrubu iliyoota kutu nje ya dirisha.

Kwa asiyeijua, BBS ni kompyuta inayokaa kwenye laini ya simu ikingoja. Unaipigia kwa modemu, inajibu, inakuuliza jina na neno la siri, unasoma waliyoandika wenzako, unaandika yako, unachukua faili, unakata. Akitoka mmoja anaingia mwengine, kama baraza yenye nafasi ya mgeni mmoja. Ward Christensen na Randy Suess waliiwasha ya kwanza huko Chicago, Februari 1978. Mwaka 1984 Tom Jennings akaanzisha FidoNet, BBS zikawa zapigiana simu zenyewe usiku na kupokezana barua. Ni kwa njia hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashirika yasiyo ya kiserikali ya Nairobi yalikuwa yakipeleka barua pepe hadi London kabla intaneti haijafika Kenya. Mikonga ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilipofikishwa hapa Mombasa mwaka 2009, modemu za simu zikaingia kabatini.

Mimi nimezitoa kabatini kwa sababu vijana ninaowafundisha mambo ya mitandao hawajawahi kuusikia mtandao. Modemu unaisikia. Unasikia mbili zikiamkiana, zikipimana, zikikubaliana kasi, na pale zinaposhindwa unasikia zimeshindwa wapi. Hakuna somo la kebo za kisasa linaloweza kumpa mwanafunzi hilo.

Laini utaitoa wapi

Laini za shaba zimebaki chache kisiwani. Nyingi zimekatwa zikaibwa, na majengo mengi yamehamia faiba. Ukiwa nayo inayofanya kazi, itunze. Ukiwa huna, usijaribu kwa simu ya rununu, wala kwa ile simu ya mezani inayotumia laini ya kadi ndani, ambayo ni rununu iliyovaa nguo za simu ya mezani. Mtandao wa rununu hubana sauti kwa kubaki na kile kinachofanana na maneno ya binadamu, na kilio cha modemu hakifanani na maneno. Modemu zitapigiana kelele dakika nzima zisielewane.

Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni PABX ya zamani ya ofisi, yaani mtambo wa kuunganisha simu za ndani, zile zenye laini za ndani za simu za kawaida. Ofisi nyingi za Moi Avenue na Kilindini zilikuwa nazo. Modemu moja unaiweka kwenye laini ya ndani 21, nyengine kwenye 22, na moja inaipigia nyengine bila kulipia senti. Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu shaba ni shaba, na modemu ikipiga 21 inafanya kazi ileile ambayo ingefanya kwa nambari ya nje.

Ya pili ni adapta ya simu ya intaneti yenye matundu mawili ya simu, ile ATA. Hapo lazima uingie kwenye ukurasa wake wa mipangilio ubadilishe mambo kadhaa. Kodeki, yaani njia ya kuigeuza sauti kuwa data, iwe G.711 A-law pekee, nyengine zote uzizime. Zima ubanaji wa ukimya. Zima ufutaji wa mwangwi. Zima T.38, ambayo ni ya faksi na huivuruga modemu. Bafa ya kusawazisha pakiti uifanye ya kudumu, isiwe inayojirekebisha, maana kila inapojirekebisha huteleza sauti kwa sehemu ndogo ya sekunde; sikio halisikii, lakini modemu husikia na hupoteza hesabu. Hata ukifanya yote hayo, usitarajie biti 33600 kwa sekunde. Ukipata 14400 iliyotulia, shukuru, na mara nyingi 9600 au hata 2400 ndiyo itakayodumu saa nzima bila kukatika.

Kwa majaribio ya mezani kuna njia ya tatu, ya kifundi. Unganisha modemu mbili moja kwa moja kwa waya wa simu, na kwenye waya mmoja kati ya ile miwili utie betri ya volti 9 na rezista ya omu 300 hivi, ili upite mkondo mdogo kama wa laini ya kweli. Upande mmoja andika ATX1D, amri ya kupiga, upande wa pili ATA, ambayo hapa ni amri ya kujibu, si ile adapta, haraka haraka. Zitaamkiana. Kengele haitalia kwa njia hii, kwa hivyo huwezi kujaribia kupokea simu, lakini utajua kama modemu zenyewe ni nzima.

Waya kabla ya yote

Laini ya shaba iliyotulia ina volti 48 za DC hivi. Ukiinua mkono wa simu zinashuka hadi kati ya 6 na 12. Multimita ya bei rahisi inatosha kupima. Tahadhari moja: kengele inapolia, laini hiyo hupandisha volti 75 hadi 90 za AC. Haitakuua ukiwa mzima, lakini itakurusha, na ukiwa juu ya ngazi ni habari nyengine. Usifungue viungo vya waya kwenye laini inayotarajiwa kuita.

Kisha sikiliza. Chomeka simu ya kawaida ya mkono kwenye tundu lilelile la modemu, inua, bonyeza tarakimu moja ili mlio wa laini unyamaze, halafu tega sikio kwa sekunde kumi. Usisikie kitu. Hiyo ndiyo laini nzuri. Mngurumo mzito wa chini ni umeme wa stima wa 50 Hz: waya wa simu umelala sambamba na waya wa stima, utenganishe. Mchakacho kama karatasi ya kufungia maandazi ni kiungo kilicholegea au kilichooza. Ukisikia redio kwa mbali, kuna kiungo kilichoota kutu kikawa kinakamata mawimbi ya redio badala ya kupitisha sauti.

Hapa pwani hiki kiungo kilichooza ndicho adui nambari moja. Hewa yetu ina chumvi, na nyumba za Mji wa Kale waya wake hupita nje, chini ya roshani, ukipigwa na upepo wa bahari mwaka mzima. Laini yangu ilikuwa safi wakati wa kaskazi, ikaanza kukatakata masika yalipoingia. Nilibadilisha modemu, nikabadilisha kebo, nikashusha kasi. Siku moja baada ya mvua nilipanda nikafungua kile kisanduku cha plastiki kilichopigiliwa ukutani. Ndani, waya miwili ilikuwa imesokotwa kwa mkono na kufungwa utepe mweusi. Nilipoubandua utepe, shaba haikuwa na rangi ya shaba tena. Ilikuwa na unga wa kijani kama ule unaoota kwenye sinia za zamani, na waya mmoja ulikatika nilipougusa kwa bisibisi. Nilikata nyuma hadi nikaona shaba inayong'aa, nikasokota upya, nikapiga lehemu, nikapaka grisi kabla ya kufunika. Tangu siku hiyo mvua hainihusu.

Jambo jengine la waya ni simu nyengine ndani ya nyumba. Kila simu iliyounganishwa kwenye laini hiyo ni mlango. Mtu wa ghorofani akiinua mkono wa simu kuita jirani, mpigaji wako amekatika. Kwa laini ya BBS, chomoa zote.

Adapta

Hii ni fupi lakini imechoma modemu nyingi. Mitumba mingi imetoka Marekani, ambako stima ni volti 120. Sisi ni 240. Adapta ya 120 ukiichomeka hapa itanuka moshi ndani ya dakika. Ukitafuta nyengine, usitazame volti peke yake. Soma maandishi kwenye tumbo la modemu: modemu kadhaa za USRobotics zinataka AC kutoka kwa adapta, si DC kama vifaa vingi vya leo. Modemu yangu ya kwanza ilikuwa imepewa ya DC. Taa zinawaka, haipigi simu. Nikaitafutia ya AC, ikaamka.

Mvua za radi zikija, chomoa waya wa simu na waya wa stima, yote miwili. Kuchomoa stima peke yake hakusaidii, kwa sababu radi hupitia laini ya simu.

Kebo na poti

Kebo ya modemu ya nje ni kebo nyoofu, si ile ya kupishanisha inayounganisha kompyuta mbili. Upande wa kompyuta pini 9, upande wa modemu mara nyingi 25. Ukitaka kuihakikisha kwa multimita, pini za upande wa 9 zinafika upande wa 25 hivi: 1 kwa 8, 2 kwa 3, 3 kwa 2, 4 kwa 20, 5 kwa 7, 6 kwa 6, 7 kwa 4, 8 kwa 5, 9 kwa 22. Kama kebo yako ina waya wa 2, 3 na 5 tu, utaweza kuzungumza na modemu, lakini haitafaa kwa BBS hata kidogo. Sababu utaiona mbele.

Kwenye kompyuta ya zamani ya DOS, hakikisha chipu ya poti ni 16550A, yenye akiba ya baiti 16. Zile za 8250 na 16450 zina akiba ya baiti moja tu, na kompyuta ikichelewa kidogo herufi zinapotea. Kumbuka pia kwamba COM1 na COM3 kwa kawaida hugawana IRQ 4 (njia ya kifaa kuiita kompyuta), na COM2 na COM4 hugawana IRQ 3. Ukiwa na kipanya cha siriali kwenye COM1, usiweke modemu kwenye COM3.

Kwenye kompyuta ya leo utatumia kebo ya USB kwenda siriali. Iwe ile yenye kichwa cha pini 9 chenye ishara zote. Vile vibao vidogo vya fundi elektroniki vyenye TX na RX tu havifai, na volti zake si za RS-232, kiwango cha poti ya siriali. Kwenye Linux poti itaitwa /dev/ttyUSB0, na mara nyingi lazima uwe kwenye kundi la dialout:

sudo usermod -aG dialout $USER

Toka uingie tena. Halafu zima ModemManager, maana huduma hiyo hurukia kila poti mpya ya siriali na kuipigia amri zake huku wewe unashangaa modemu inajibu vitu usivyouliza:

sudo systemctl disable --now ModemManager

Modemu za ndani zisizo na ubongo wake, zinazotegemea programu ya Windows kuzifanyia kazi, ziache. Muda utakaoupoteza hapo unatosha kutafuta ya nje tatu.

Zungumza na modemu yenyewe

Bado hatujagusa BBS. Fungua programu ya terminali. Mimi natumia picocom au minicom, na kwenye DOS Telix au Terminate. Kasi 57600, biti 8, bila pariti, biti moja ya kusimamisha. Andika AT kisha Enter. Jibu liwe OK.

Usipoona unachoandika na OK isitoke, huenda modemu imeamriwa kunyamaza. Andika bila kuona:

ATE1V1Q0

E1 inarudisha herufi unazoandika, V1 inaleta majibu kwa maneno, Q0 inaruhusu majibu yatoke. Hivyo ndivyo modemu yangu ya pili ilivyofunua kinywa. Kwenye Sportster za nje, modemu za USRobotics, tazama pia vile viswichi vidogo vya nyuma: cha 3 huamua majibu yaonekane au la, cha 5 kujibu simu yenyewe, cha 1 na cha 6 vinahusu DTR na DCD, nitakazozieleza mbele. Maelezo yake yamechapishwa tumboni mwa modemu.

Ikiwa bado kimya, kasoro ni kebo au poti. Ikirudisha takataka, kasi ya terminali haikubaliani. Ikijibu ERROR kwa kila kitu, kuna herufi imeingia katikati. Andika tena polepole.

Baada ya OK, jaribu kupiga: ATDT na nambari ya simu yako ya kawaida kwenye laini nyengine. Ikisema NO DIALTONE na wewe kwa sikio unausikia mlio wa laini, modemu imezoea mlio wa Marekani na haiutambui wetu, au PABX yako ina mlio wake. Weka ATX3 mbele ya amri ya kupiga. Itaacha kungoja mlio lakini bado itatambua laini yenye shughuli.

Mpangilio wa modemu ya BBS

Modemu inayopiga na inayopokea hazipangwi sawa. Inayopokea ndiyo yenye kazi. Kwa USRobotics anza na:

AT&F1
AT&C1&D2M0S0=0
AT&W

&F1 inarudisha mpangilio wa kiwandani wenye udhibiti wa mtiririko wa RTS na CTS, waya miwili ya kuambiana ngoja au endelea, na kasi ya poti isiyobadilika. &W inaandika kwenye kumbukumbu ya ndani ili hata stima ikipotea mpangilio usipotee, jambo ambalo Mombasa tunalihitaji. Kwa modemu za chipu za Rockwell au Conexant:

AT&F
AT&C1&D2&K3W2M0S0=0
AT&W

&K3 hapo ndiyo udhibiti wa mtiririko, na W2 inafanya modemu itaje kasi ya laini badala ya kasi ya poti. M0 inazima spika. Wakati wa kujaribu weka M1, maana nimeshasema sikio ndilo chombo chako.

S0=0 huwashangaza wengi. Kwani BBS si inatakiwa ijibu simu? Ndiyo, lakini ijibu yenyewe. Modemu inatamka RING, programu inaona neno hilo, inaandika ATA. Ukiweka S0=1, modemu itajibu hata kompyuta ikiwa imekwama, na mpigaji atalipia simu akitazama skrini tupu. Kwa S0=0 kompyuta ikilala, simu inaita tu bila kujibiwa, na mpigaji hapotezi kitu.

Sasa &C1 na &D2, ambazo kwangu ndizo roho ya jambo zima. DCD ni waya ambao modemu huutumia kuiambia kompyuta "kuna mtu upande wa pili". &C1 inaufanya waya huo useme kweli. Ukiacha &C0, waya unasema "kuna mtu" saa zote. DTR ni waya wa kurudi: kompyuta ikiushusha, &D2 inaiamuru modemu ikate simu mara moja.

Fikiria kinachotokea &C0 ikibaki. Mama mmoja anaingia, anafungua barua zake za faragha, na mwanawe anajikwaa kwenye waya. Simu imekatika. BBS haijui, DCD bado inasema yuko. Dakika mbili baadaye kijana mwengine anapiga, modemu inajibu, na badala ya kuulizwa jina anaangukia katikati ya sanduku la barua la yule mama. Hili lilinitokea katika mwezi wangu wa kwanza, na aliyepiga alikuwa muungwana akanipigia simu kunieleza. Niliifunga BBS siku tatu. Watu wanaacha maneno yao kwako kwa kukuamini, na uaminifu huo unashikiliwa na waya mmoja kwenye pini ya kwanza. Ndiyo maana kebo ya waya tatu haifai, na ndiyo maana baadhi ya kebo za mitumba ambazo fundi amezifunga DCD na DTR kwa kuziunganisha pamoja ndani ya kichwa ni za kutupa.

Mwisho wa mpangilio, baada ya majaribio yote, weka S2=255. S2 ni herufi ya kutorokea, ile + unayoandika mara tatu ili urudi kwenye amri ukiwa katikati ya simu. BBS inakata kwa DTR, haihitaji kutoroka. Ukiiacha, mtu anaweza kuandika +++ATH0 ndani ya ujumbe, na kwenye modemu nyengine kuusoma ujumbe huo tu kunakata simu.

Kwenye programu ya BBS

Hapa kazi si nyingi. Iambie poti, iambie kasi ya poti imefungwa: 57600 kwa modemu ya 14400, 115200 kwa ya 33600. Kasi ya poti hupita ya laini kwa sababu V.42bis hubana data hadi robo, na poti ikiwa nyembamba ubanaji huo hauna faida. Mstari wa kuanzishia uwe ATZ tu, kwa kuwa ulishahifadhi kila kitu kwa &W. Neno la kungoja ni RING, amri ya kujibu ni ATA, kukata simu kwa kushusha DTR. Kwenye DOS programu nyingi zinataka kiendeshi cha FOSSIL, kinachosimama kati ya BBS na poti, X00 au BNU, kiwe kimepakiwa kwanza. Muda wa kungoja muunganisho uwe mrefu kuliko S7 ya modemu, yaani sekunde ambazo modemu yenyewe hungoja. S7 ikiwa 60, programu ingoje sekunde 70.

Simu ya kwanza

Piga kutoka modemu ya pili, spika iwe wazi. Utasikia kengele, halafu mlio mwembamba mrefu wa 2100 Hz. Huyo ni modemu ya BBS akisema nipo, na mlio huohuo huambia mitambo ya njiani izime ufutaji wa mwangwi. Halafu miburuzo mifupi ya kupanda na kushuka, ndipo zinapopima laini. Halafu mvumo mzito kama maji ya bomba. Halafu kimya, na kwenye skrini:

CONNECT 14400/ARQ/V32/LAPM/V42BIS

Maneno ARQ na LAPM ni muhimu kuliko ile nambari. Yanamaanisha kila herufi inakaguliwa njiani, na iliyoharibika inatumwa tena.

Usihangaike kutafuta 56K. Modemu mbili za laini ya kawaida haziwezi kuzidi 33600, V.90, kiwango cha 56K cha mwaka 1998, ilihitaji upande mmoja uwe umeunganishwa kidijitali moja kwa moja kwenye mtambo wa simu, na BBS ya nyumbani haina hilo.

Ikikataa

Ikiita bila kujibu, tazama kwanza kama neno RING linaonekana kwenye terminali. Lisipoonekana, ni laini au PABX haitoi kengele yenye nguvu. Likionekana, ni programu hailioni.

Ikijibu, ikalia, ikaishia NO CARRIER, sikiliza imefia wapi. Ikifia kabla ya miburuzo, aliyekupigia si modemu au laini inapita rununu. Ikirudia miburuzo mara mbili mbili, laini ni chafu au pakiti zinapotea, shusha kasi. Kwenye USRobotics &N8 inafunga 14400, &N6 inafunga 9600. Kwenye Rockwell za zamani ni AT+MS=10,1,300,14400, na kwenye nyengine mpya AT+MS=V32B.

Ikiunganika na herufi za ajabu zikitokea hapa na pale, tazama mstari wa CONNECT. Hakika ARQ haipo. Skrini nzima ikiwa takataka tangu mwanzo, kasi ya poti haikufungwa, au mpigaji ameweka biti 7 na pariti.

Maandishi yakipita vizuri lakini faili zinazopelekwa kwa Zmodem zikileta makosa ya CRC, ukaguzi wa data, kila baada ya muda, si laini. Laini yenye LAPM haiwezi kufanya hivyo. Ni kompyuta inayopoteza herufi: udhibiti wa mtiririko umezimwa upande mmoja, au chipu ni ya akiba ya baiti moja, au kebo ya USB imepitia habu iliyojaa.

Ikikatika kila mara mtu mwengine akipiga, huduma ya simu ya pili inayongoja imewashwa. Ule mlio wake huichanganya modemu. Izime. Usipoweza, pandisha S10 hadi 30, yaani sekunde tatu za kuvumilia kupotea kwa wimbi la upande wa pili, ukijua kwamba na mtu akikata kweli BBS itachelewa kujua kwa sekunde hizohizo.

Ikikatika bila mpangilio, andika ATI6 mara tu baada ya simu kwenye USRobotics, kabla ya kuizima. Inakupa hesabu ya simu iliyopita: vipande vilivyoharibika, mara ngapi ziliomba kuamkiana upya, na sababu ya kukata. Vipande vilivyoharibika vikiwa vingi, rudi ukutani na sikio lako.

Kabla ya kumpa mtu nambari, fanya jaribio hili mara tatu. Ingia kama mtumiaji wa kawaida, fungua barua, na bila kuaga chomoa waya wa simu wa upande wa mpigaji. Tazama taa ya CD (ndiyo DCD) kwenye modemu ya BBS, lazima izimike yenyewe. Tazama skrini ya BBS, irudi kungoja. Rudisha waya, piga tena. Ukiulizwa jina, fungua milango. Ukijikuta ndani ya barua ulizoziacha, usimpe mtu nambari hiyo bado. Fungua kichwa cha kebo na uipime pini ya kwanza.